Barua Imesema Kaza

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, naitikia kabla hujaniamkia maana najua utachelewa. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Mguu umeacha kuvimba, au bado anavaa ndala mpaka ofisini? Mimi mzima, nakula, nalala, nasema watu. Mgonjwa ni pikapu.

Injini imenifia njiani, mikate imejaa nyuma. Sawa, maji yalikuwa yameisha, na taa nyekundu niliiona. Lakini taa ile huwaka hata gari likiwa zima, nani angeiamini? Nimelivuta mpaka kwa fundi wa nyuma ya duka la mbao, yule wanayemwita Injinia. Injinia wa nini! Mtu ukimuuliza swali, anaitazama spana yake kwanza kama ndiyo itakayomjibu. Kafungua injini siku mbili nzima, mwisho kanionyesha pistoni moja imepasuka kama kigae, nyingine tatu zimekwaruzika ubavuni. Nikamwambia, "Haya, hata mimi naona zimeharibika, ndiyo ujuzi wenyewe huo?" Kaanza kuipangusa spana. Huyo ndiye fundi.

Sasa sikiliza. Mwenye bekari amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Mikate yangu kwa sasa anaibeba Kipara, yule dereva anayelala kwenye kiti kama mtu ananyolewa. Nikichelewa, maduka yote ya upande wa kilimani yanakuwa yake moja kwa moja, na mimi sina kazi nyingine, unajua. Wewe unakereza pistoni huko karakanani kwenu, nitengenezee nne. Ziwe za chuma kama alizoacha marehemu shemeji yako. Usiniletee mambo ya kisasa.

Dada yako


Tarehe 15 Machi

Shikamoo dada,

Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, mguu umepona, na barua yako kaisoma, kwa hiyo ya ndala mtamalizana wenyewe.

Pistoni nimekutumia, lakini si za chuma. Ni za alumini. Ni nyepesi, na zinatoa joto haraka, na wewe dada unapenda kuendesha gari bila maji. Ila alumini ikipata moto inatanuka kuliko chuma. Kwa hiyo ikiwa baridi lazima iachiwe nafasi kati yake na ukuta wa silinda. Nafasi hiyo nimeiandika kwenye kikaratasi. Mpe fundi mkononi, usimsimulie.

Kila asubuhi injini itagonga, ko ko ko, dakika chache. Ikipata moto itanyamaza. Iache igonge. Nakuomba.

Mdogo wako


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mnaendeleaje? Wifi mwambie nilikuwa natania, na kama amenuna anune taratibu.

Nilipofungua boksi nikasema huyu kanitumia vyombo vya jikoni. Pistoni gani nyepesi vile? Ukigeuza ni kikombe. Injinia akazigeuza, akasoma kikaratasi, akachonga silinda, akapima, akasoma tena, mtu mzima anasoma mstari mmoja asubuhi mpaka mchana. Lakini gari likawaka, sikatai.

Sasa ile ko ko ko yako. Nimeingia uwanja wa bekari alfajiri, foleni ya magari yote, gari langu linagonga kama mtu kafungiwa chooni. Kipara akatoa kichwa dirishani: "Mama, mikate unaibeba au unaipigilia misumari?" Wale wasichana wa kufunga mikate wakacheka mpaka wakakaa chini kwenye unga. Kesho yake wakaanza kugonga meza wakiniona, ko ko ko. Mimi ndiye husema watu, mdogo wangu. Mimi sisemwi.

Nikarudi kwa Injinia. Nikamwambia kaza hizo pistoni, zisicheze. Akaitazama spana. Akauliza, "Mdogo wako aliandika tuache nafasi. Barua inasemaje sasa?" Nikamwambia imekuja nyingine, imesema kaza. Si unanijua? Basi akazitoa, akazipiga chale ubavuni, mistari mistari, kingo zikainuka, zikanenepa, akazirudisha zimebana vizuri. Sasa injini kimya kabisa! Nimepita mbele ya Kipara taratibu, dirisha wazi, na sikumwamkia.

Kesho kutwa mwenye bekari ananipa mzigo kamili wa kilimani. Wewe na alumini yako mlitaka kunitia aibu bure.

Dada yako


Tarehe 14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sina la afya leo. Gari lisipakiwe. Lisipande mlima. Pistoni zikipata moto hazitakuwa na pa kutanukia. Ukipata barua hii, zima.

Mdogo wako


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika, wiki nzima baada ya gari kufa.

Lilifika nusu ya mlima. Likawa zito, likalia kama chuma kinapigwa msumeno, halafu likakaba pale pale, kwata! Hata kusukuma halisukumiki. Na nani akanikuta? Nani mwingine! Kipara kahamisha mikate yangu yote kwenye gari lake, kisha kanivuta kwa kamba akipiga honi mji mzima kama kavua papa. Mwenye bekari hakunipigia hata kelele. Kafuta jina langu ubaoni kwa mkono, kauangalia mkono, kaupangusa kwenye aproni.

Sasa Injinia atanijua. Nimemsema dukani, nimemsema saluni, nimemsema kliniki mbele ya watu wenye magonjwa yao. Muuaji wa injini! Kila gari analogusa andaeni sanda. Uwanjani kwake sasa wanaingia kuku tu, na hao hawana injini. Amekaa juu ya tairi kutwa, anasoma kikaratasi kile kile. Bwege yule!

Nitumie nyingine. Na safari hii za chuma.

Dada yako


Tarehe 12 Mei

Dada,

Shikamoo. Tu wazima.

Nimepata barua ya fundi wako. Mistari minne, mwandiko mzuri kuliko wangu. Ananiuliza, kwa heshima, kwa nini niliagiza akaze, maana anataka kujua alikosea wapi.

Dada, alikosea wapi? Katika watu wote wa hapo, mmoja tu ndiye aliyesoma kikaratasi na akafanya kilichoandikwa. Akauliza kabla ya kukigeuza. Ukamdanganya kwa jina langu, sasa unamzika mzima ili wewe usichekwe. Nimeona haya kuitwa ndugu yako, na nimemjibu ukweli.

Pistoni nne nyingine ziko mezani kwangu. Za alumini. Hazitoki mpaka yeye mwenyewe aniandikie kwamba umekwenda kumsafisha dukani, saluni na kliniki, kwa mdomo ule ule.

Mdogo wako


Tarehe 20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi si mzima sana, lakini wewe uwe mzima, na wifi na watoto.

Pistoni zimefika, kwa hiyo unajua nilikwenda. Injinia amezifunga kwa nafasi ile ile ya kikaratasi. Yale maduka ya kilimani yamekwenda kwa Kipara na hayarudi. Mwenye bekari amenipa kukusanya mikate iliyolala, ile isiyouzwa, naizungukia duka kwa duka kama mtu wa takataka. Asubuhi gari linagonga, wasichana wanagonga meza. Naliacha ligonge.

Lakini nikwambie ya dukani. Nilisimama pale nikasema: fundi hana kosa, mimi ndiye niliyemdanganya, nilisema barua imesema kaza na haikusema.  Mwenye duka akamtazama mwenye saluni, wakatazamana vile, unajua vile. "Mh," akasema, "leo unamtetea?" Mwingine akadakia, "Ndiyo maana gari halitoki kwake!" Mpaka nafika kliniki, habari ilishanitangulia: eti mimi na Injinia tuna jambo, tulianza zamani, kabla injini haijafa, na injini yenyewe niliiua makusudi nipate sababu ya kwenda. Kwa hiyo ukweli wangu hawauamini, ni maneno ya mapenzi, na uwanja wake bado una kuku.

Mimi! Na bwege yule wa spana!

Nimewaapia. Wamecheka. Na kibaya zaidi, mdogo wangu, wanasimulia vizuri. Wanaongeza pale pale ambapo ningeongeza mimi.

Dada yako