Chumba cha Kuoshea Kimeandikwa Stoo

Ijumaa, Januari 2014

Leo jua limetoka, lakini ni jua la Toronto la mwezi huu: linaangaza tu, halipashi. Nilisimama kituo cha basi mpaka kope zikaanza kugandana. Nilikuwa nimetoka nyumbani bila chai.

Da Hawa tumemzika juzi.

Sentensi hiyo nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Basi ibaki.

Kwa anayepita hapa bila kumjua: Hawa ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii kutoka Tanga, na sanduku moja na koti la mtumba ambalo hata Lushoto lisingenifaa. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mjane wa Mombasa, amekaa huku miaka mingi, kazi yake kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Alinipa chumba kwake Lawrence Heights, akanipeleka kununua viatu, akanifundisha kwamba hapa mtu havai nguo moja nzito, anavaa nyepesi nyingi. Nilipopata kazi ya maana alipika pilau akaita jirani zake wote, kana kwamba nimeolewa.

Ana binti mmoja, Nasra. Ana miaka kumi na tisa, kazaliwa hapa. Anaelewa kila neno la Kiswahili na kila neno analijibu kwa Kiingereza. Wakati saratani ilipotoka kwenye titi ikaingia mifupani, Nasra ndiye aliyekuwa akimbeba mama yake kwenda msalani. Mwishoni Hawa alikuwa mwepesi kama kanga iliyokauka kambani.

Nasra aliomba amwoshe mama yake mwenyewe.

Bi Mwanamkuu, mama wa Kilamu anayeongoza wanawake waoshaji msikitini kwetu, alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Nasra akaitikia kwa kichwa, kisha akanishika mkono, yaani niwe naye. Mimi sijawahi kuosha maiti. Lakini ningeanzaje kumwambia hapana?

Msikiti wetu zamani ulikuwa ghala la fanicha. Chumba cha kuoshea wanawake kiko chini, ardhini, kuta za matofali ya saruji, na mlango wa chuma unaofunguka moja kwa moja nje, pale gari la maiti linapoegeshwa. Mlango ule ukifunguliwa mara moja, baridi yote ya Januari inaingia na haitoki tena. Maji ya moto yapo. Ila yakishafika sakafuni yanapoa papo hapo, na ubaridi unapanda kupitia buti za mpira mpaka magotini.

Tulianza vizuri. Bi Mwanamkuu alikuwa akimwelekeza kwa sauti ya chini. "Anzia kulia, mwanangu. Taratibu. Mamako haumii." Nasra akamwosha mama yake mikono. Akampitishia maji usoni, akamfuta pembe za macho kwa kidole gumba, vile anavyofutwa mtoto mchanga.

Kisha akaanza kutetemeka. Nilidhani ni kilio, lakini macho yake yalikuwa makavu. Ilikuwa baridi. Mikono ya nguo yake ilikuwa imelowa mpaka kwapani, midomo imebadilika rangi, na kopo la maji lilikuwa likigonga kitanda cha chuma, ka-ka-ka-ka, hawezi kulizuia. Likamponyoka, maji yote yakammwagikia kifuani.

"Mtoe," Bi Mwanamkuu akaniambia. "Huyu ataugua."

Nasra akashika fremu ya mlango. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema kwa Kiswahili: "Bado sijamaliza."

Nikambandua vidole, kimoja kimoja.

Bi Mwanamkuu na mama mwingine ndio waliomaliza. Mimi nilikaa na Nasra ndani ya gari, hita imefunguliwa mpaka mwisho, nikimsugua mgongo. Alipoweza kusimama tena, mama yake alikuwa ameshavishwa sanda, amefungwa.

Nafasi ya namna hiyo haiji mara ya pili.

Sasa niandike ya leo, kwa sababu ndiyo yaliyonileta hapa.

Kazi yangu ni kupanga joto la majengo. Nafanya kwenye kampuni ndogo mtaa wa Don Mills, mbele ya skrini mbili. Ndani ya programu tunalijenga jengo zima, chumba kwa chumba, halafu kila chumba unakitajia matumizi yake. Ukisema darasa, programu inaleta kiwango cha joto cha darasa; ukisema jiko, cha jiko. Inakokotoa joto linalopotea kwenye kuta na madirisha, nawe unalirudisha: kwa rejeta, siyo ile ya gari, bali ile ya chuma inayotundikwa ukutani na kupitishwa maji moto, au kwa mabomba yanayozungushwa chini ya sakafu. Mabomba hayo yote yanaanzia kwenye manifoldi, shina moja linalogawa maji kwa kila mzunguko. Mzunguko ukiwa mrefu mno, maji yanafika mwisho yameshapoa, na programu inakuonya kwa rangi nyekundu.

Na mradi ulioko mezani kwangu tangu vuli ni ukarabati wa msikiti huohuo.

Asubuhi nilikuwa nimemaliza ukumbi wa sala na mahali pa kutawadhia. Sakafu za joto kote, mizunguko imekaa vizuri, kila kitu kijani. Nikashuka ghorofa ya chini, nikabonyeza chumba cha wanawake cha kuoshea.

Kimeandikwa stoo.

Siyo kwamba mtu alikusudia ubaya. Orodha ya programu ina ofisi, darasa, bafu, jiko, ukumbi, stoo. Haina chumba cha kuoshea maiti. Mwenzangu aliyeingiza ramani alichagua kilichokaribia. Stoo ni nyuzi joto kumi, na kwa nyuzi kumi, chini ya ardhi, programu haikuona haja ya kuweka chochote. Chumba cha wanaume nacho kimeandikwa stoo, lakini kile kinapakana ukuta na boila, mtambo unaochemsha maji ya jengo zima. Kinapashwa bila kuomba.

Nikakibadilisha chetu kuwa bafu. Pale pale kikawa chekundu chote. Niliitazama ile rangi kwa faraja ya ajabu. Angalau kuna kitu kimekiri kwamba pale pana baridi.

Bosi wangu si mtu mbaya. Alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama, akasema mteja alishakubali kwamba chini hakuna joto ila la kuzuia mabomba yasigande. Nikitaka kubadilisha, nizungumze na mteja. Akasita, akaniuliza kama ningependa kwenda nyumbani. Nikamwambia nyumbani ni pabaya zaidi.

Nikampigia Mzee Shee, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba. Hawa alikuwa mtu wa watu."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Chumba hicho tulikizungumza sana," akasema. "Joto tumelipeleka wanakosali watu. Na aliyelazwa pale, mwanangu, hasikii baridi."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asimwamshe mtu.

"Yeye hasikii, Mzee. Wanaomwosha wanasikia."

"Wanaume wanaosha pia, na hawajalalamika."

"Wanaume wako ukuta mmoja na boila."

Nikasikia akivuta pumzi. "Mimi huko kwa kina mama sijapata kuingia."

"Najua, Mzee. Ndiyo maana nakwambia mimi."

Nikamsimulia habari ya Nasra. Kopo, kifua, fremu ya mlango. Nilikuwa nimepanga kusema kama mtu wa ofisi, lakini nilipofika kwenye vidole sauti ikanikatika. Wenzangu wakageuka. Hawakuelewa neno hata moja, na wote wakainamisha vichwa kwenye skrini zao.

"Subhanallah," akasema Mzee Shee. "Nipe mpaka watu watoke sala ya Ijumaa."

Nikafanya kazi wakati nikingoja. Kwanza nikachora mabomba ya sakafuni, kwa sababu ndiyo niliyoyatamani: miguu yenye joto. Kisha nikayafuta. Zege ni zito. Linachukua nusu siku kupata joto, na nusu siku kulipoteza. Kifo hakiweki miadi. Ili sakafu ile iwe tayari ingebidi iwake majira yote ya baridi, na naijua kamati yetu, mtu angeizima wiki ya kwanza. Tena chumba kikishinda na joto, na gari la kwenda makaburini likachelewa, si heshima kwa aliyelala pale.

Kwa hiyo rejeta. Inapata moto upesi, inafungwa kazi ikiisha. Nikaweka mbili, pana kuliko zote nilizoweza kupata, moja kando ya mlango wa chuma ili ipambane na upepo unaoingia. Kabati la sanda lilikuwa limeziba ukuta, nikalihamisha. Nikazitolea bomba lake moja kwa moja kutoka kwenye boila, kwa sababu maji yanayokwenda kwenye manifoldi ya sakafu ni ya uvuguvugu tu. Nikakokotoa upya.

Nyekundu ikaondoka. Nikamtumia Mzee Shee ujumbe: rejeta mbili.

Kwa muda huo wote sikulia. Kazi ina huruma yake. Namba hazikuulizi unajisikiaje.

Alasiri Mzee Shee akapiga. Sauti yake ilikuwa imechoka. Kamati ilikaa baada ya sala, palepale kwenye rafu za viatu. Mmoja alisema michoro imeshapelekwa manispaa, isiguswe. Mwingine alisema kina mama wavae nguo nzito. Mzee alitaka kusimulia habari ya Nasra, akashindwa, akasema tu kwamba kuna mtoto ameumizwa na chumba kile.

"Nimepata moja, mwanangu. Nilitaka zote mbili. Nimepigana nimepata moja."

Nikamshukuru. Alistahili. Kisha nikafuta rejeta ya pili, ile ya mlangoni, nikakokotoa. Mlango ukifungwa, chumba kitafika nyuzi kumi na saba. Ukifunguliwa, hesabu haina maana tena. Rangi nyekundu ikarudi na safari hii sikuwa na la kufanya. Nikahifadhi mchoro na wekundu wake. Bosi akauliza kama nimeiona alama hiyo. Nikasema nimeiona, mteja ameamua. Akatikisa kichwa, tukautuma.

Na hata hiyo moja haitatundikwa leo wala kesho. Mafundi hawaanzi mpaka theluji iyeyuke.

Kutoka kazini nilipitia kwa Nasra. Bi Mwanamkuu alikuwa ameshafika na sufuria ya wali na mchuzi wa samaki. Tukala. Kochi la Hawa hakuna aliyelikalia.

Katikati ya chakula Nasra akauliza, kwa Kiingereza chake, kama josho la mama yake lilihesabiwa, maana yeye hakulimaliza.

Bi Mwanamkuu akaweka kijiko chini. "Josho halina kipande cha fulani na kipande cha fulani, mwanangu. Ulianza wewe, tukamaliza sisi. Josho ni moja."

Nasra akaitikia kwa kichwa. Sidhani kama lilimwingia. Mimi mwenyewe nimelirudia neno lile njia nzima, na bado linanitoka.

Halafu simu ya Bi Mwanamkuu ikalia. Kuna mama Mrundi amefariki hospitali huko Brampton. Ana wanawe wawili wa kiume, hana mwanamke hata mmoja wa kwao hapa. Wanamleta msikitini kesho asubuhi. Bi Mwanamkuu akampigia yule mama aliyemsaidia juzi. Tangu siku ile yuko kitandani, kifua kimembana. Akakata simu. Akavitazama vidole vyake, vilivyovimba kwenye viungo, akavikunja na kuvikunjua juu ya meza. Hakuniomba kitu.

Nikasema nitakwenda.

"Na mimi," akasema Nasra.

Bi Mwanamkuu akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye mama mtu sasa, mimi ndiye wa kukataza au kuruhusu. Nilitaka kukataza. Chumba ni kilekile, mlango ni uleule, kitanda ni kilekile alichokigonga kwa kopo. Lakini juzi nilishamtoa mle kwa nguvu mara moja, na mikono yangu haikutaka kufanya hivyo tena.

"Utashika mataulo makavu," nikamwambia. "Maji niachie mimi. Ukianza kutetemeka unatoka mwenyewe, bila kungoja kuambiwa."

Aliinuka akaenda chumbani kwa mama yake. Tukasikia kabati likifunguliwa, kisha akakawia mpaka Bi Mwanamkuu akaanza kunyanyuka. Nasra akatoka na mataulo yote ya Hawa mikononi, yamerundikana mpaka kidevuni, akaketi sakafuni na kuanza kuyakunja.

Sijui kama nimemsaidia au namrudisha palepale panapouma. Najiuliza hilo tangu nilipofika nyumbani, na hakuna wa kumuuliza. Wa kumuuliza tumemzika.

Asubuhi tunashuka, watatu.