Sanduku la Vioo la Keko

Mpendwa shoga yangu Zuhura,

Mama yako hajambo, anakusalimu, na mie nakuonea wivu. Nimeona nianze na hilo, maana hata nikilizungusha utalijua tu.

Watu wa Temeke wanadhani wivu wangu ni wa Ulaya. Wanasema, "Masikini, walisoma fizikia wote chuo kikuu, mmoja kapanda ndege, mwingine anakula chaki sekondari." Hiyo nayo inaniuma, sikufichi. Yule profesa mgeni alipokuja kutafuta mwanafunzi wa kuingia kwenye utafiti wao wa chembe ndogo kuliko atomu, watu wa nchi kibao kwenye mtambo mmoja chini ya ardhi, nafasi ilikuwa moja. Mahesabu yalikuwa yangu, maneno yalikuwa yako. Yeye akachagua maneno. Hata lile koti la mtumba tulilolitafuta Manzese kutwa nzima lilinikaa mie vizuri kuliko wewe. Ukaniambia, "Vua basi, utalizoea." Nikavua.

Lakini kabla ya profesa lilikuwepo sanduku letu. Unamkumbuka fundi wa Keko aliyetutengenezea? Alipoona tunataka vioo pande zote akauliza kama tunafuga samaki. Ukamwambia tunataka kuona chembe zinazotoka angani, zinazotupita mwilini mchana kutwa bila sie kujua. Akaweka randa chini. "Kama ni mashetani semeni sasa hivi, mie nina watoto." Ulicheka mpaka ukakalia maranda na gauni lako la Idi.

Barafu kavu tuliiomba kiwanda cha aiskrimu, spiriti tukanunua duka la dawa, na kitambaa cheusi cha kutandika chini kilikatwa kwenye baibui kuukuu la mama yako. Tukafunga mapazia sebuleni kwenu, ukungu ulipojaa ndani ya sanduku tukamulika tochi ubavuni mwake, tukakaa tunatiririka jasho. Uliona wewe kwanza. Uzi mweupe, mwembamba, njia ya chembe, ulipita kwenye ukungu ukapotea. Ulinifinya tu mkono. Toka siku ile ikawa sheria yetu: anayeona kwanza amfinye mwenzake, makelele hakuna, maana mama yako yuko chumba cha pili anapumzika. Nilikuwaga narudi nyumbani na alama, mama yangu anauliza nani kanipiga.

Sasa juzi ulipopiga simu dukani kwa Mangi, mama yako akanipa nami nikusikie. Ukasema umepata mwenzako wa zamu, binti wa Kitaliano, mnakaa wawili mbele ya kompyuta mnangoja chembe zijionyeshe. "Yaani shoga, tunaelewana kama mie na wewe." Nikakwambia hongera. Nikamrudishia mama simu, nikasingizia jua kali, nikaenda kukaa nyuma ya duka.

Kama mie na wewe. Neno hilo nimelala nalo, nimeamka nalo, nimeingia nalo kidato cha tatu wanafunzi wakadhani wamenikosea.

Jana nikaenda kwenu. Siku hizi sanduku lipo barazani, mama yako anauzia vitumbua, na biashara inakwenda. Nikamwomba aniazime. Nikasugua mafuta kwenye vioo, nikahangaikia barafu, nikafunga mapazia yaleyale. Mama akakaa kando yangu kunipa moyo tu, anajipepea, anauliza kama bado. Mara ukapita uzi. Mrefu, umenyooka, mzuri kuliko zote tulizowahi kuziona. Mkono wangu ukaenda wenyewe.

"We mtoto, wanifinyia nini?"

Nikalia, Zuhura. Mama yako akadhani spiriti imeniingia machoni, akanifuta kwa upindo wa kanga yake. Nikamwacha adhani hivyo.

Sikwambii urudi. Kaa huko usome, tena ukae mbele, wakuone. Baridi ikizidi vaa koti langu. Huyo binti mpikie pilau, mfundishe Kiswahili, mgawie nusu ya kitanda kama hana pa kulala. Siku mkiona kitu ambacho hajawahi kukiona mtu, mpigie makofi, mkumbatie, fanyeni wanavyofanya watu wa huko.

Ila usimfinye.

Ni mie,
shoga yako wa Temeke