Shangazi Zdravka Aigiza

Sofia, 9 Mei 2018

Shangazi mpendwa,

Salaam nyingi. Goti lako linaendeleaje? Mimi na Yoana, msichana wangu, tu wazima, ila hatulali.

Mwigizaji mkuu wa filamu yetu amejitoa. Ameogopa watasema nini kazini kwake. Nafasi yake ni ya mwanamke mjane anayerudi kumtafuta mwanamke mwenzake aliyempenda zamani, walipofanya kazi pamoja kiwandani. Matunda ya cheri yanaiva na lazima tupige picha kabla hayajachumwa, fedha za mwigizaji mwingine hatuna, na kila ninapousoma mstari wake naisikia sauti yako. Utakubali? Najua Baba atasema nini. Miaka minne sasa hajaongea nami, tangu nilipomwambia kuhusu Yoana.

Mpwa wako,
Ralitsa

Kyustendil, 15 Mei 2018

Ralitsa mwanangu,

Goti linauma mvua ikinyesha, mengine mazima. Nami nakutakieni afya, wewe na Yoana.

Nilimwambia baba yako akiwa mezani kwangu. Akaweka kijiko chini. “Zdravka, utatuaibisha mbele ya mji mzima.”

“Metodi,” nikamjibu, “nina miaka sabini na moja. Nimezika mume, nimeuza ng'ombe, sijawahi kuulizwa napenda kufanya nini. Leo nimeulizwa.”

Akaondoka bila kofia yake.

Nakuja. Sharti moja: lile busu la kwenye filamu usilipige picha siku ya kwanza. Acha kwanza nimzoee huyo mama nitakayembusu.

Shangazi yako

Ljubljana, 2 Juni 2019

Shangazi,

U mzima? Keti kwanza. Jana wametangaza mwigizaji bora wa tamasha la filamu: Zdravka Koleva wa Kyustendil. Nilipanda jukwaani kuipokea tuzo kwa niaba yako, nikalia mpaka nikasahau kushukuru.

Lakini ukumbi wa sinema wa kwetu Kyustendil umefuta onyesho. Mwenye ukumbi ametishiwa kuvunjiwa vioo. Nami nimebanwa hapa na maonyesho mengine. Tuache tu, Shangazi. Si lazima kila mji utupende.

Ralitsa

Kyustendil, 18 Juni 2019

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na sikukutii.

Nilimpigia Yoana, akaja na mashine yake ya kuonyeshea filamu. Tukatandika shuka kwenye ukuta wa ghala la cheri, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Mlangoni vijana sita wakasimama na bendera kutuzuia. Mmoja akanishika mkono kwa upole kabisa. “Bibi, unajua humo ndani kuna nini?”

“Najua,” nikasema. “Nimo mimi. Hebu pisha, watu wamekuja kunitazama.”

Wenzake wakamcheka yeye, si mimi. Akapisha.

Ghala lilijaa, wengine wakakalia makreti. Busu lilipofika, mwanamume mmoja akapiga kelele: “Zimeni uchafu huo!” Yoana akasita, mkono kwenye mashine.

Ndipo nyuma kabisa mtu akasimama. Sikujua kwamba amekuja. Baba yako.

“Kaa chini, Kiril,” akasema. “Huyo ni dada yangu. Na aliyeitengeneza filamu hii ni binti yangu.”

Kiril akakaa. Filamu ikaendelea hadi mwisho. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama, na mama Pavlina wa duka la mikate akanikumbatia akilia. Hakuniambia analilia nini, sikumuuliza. Wanataka turudie Jumapili ijayo.

Baba yako alimsaidia Yoana kukunja nyaya.

Shangazi yako, mwigizaji

Ljubljana, 24 Juni 2019

Shangazi wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Mimi nimepona ugonjwa nisioujua jina.

Jana simu ililia, namba ya Baba. Nikapokea. Nikasikia anapumua, redio yake nyuma. Nikasema, “Baba, ni mimi.”

“Najua ni wewe,” akasema. “Nimekupigia mimi.”

Kisha akakohoa.

“Yule msichana wako,” akasema, “anakula nyama ya kondoo?”

Nikamwambia anakula.

“Basi nitachinja. Mje wote wawili.”

Tunakuja, Shangazi.

Ralitsa