Upote Aliousokota Ayeeyo

Bulla Iftin,
Garissa.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa mjomba wangu, Abti Yahye,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Wewe na Mama Idman na watoto mko salama huko Morogoro? Mvua imewafikia? Biashara ya vipuri vya malori inakwendaje? Sisi huku ni wazima, alhamdulillah. Joto ni lile lile unalolijua, mbuzi wanagombania kivuli na watu. Ayeeyo mguu wake umepona, sasa anatembea mpaka sokoni bila kuniegemea, na akifika ananifokea kama zamani.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu zipo. Abti, nikikupigia, Ayeeyo, mama yako, anakaa karibu yangu na kusikiliza kila neno, halafu anataka na yeye aongee. Jambo hili halifai masikio yake, utaona mwenyewe. Na nimeandika Kiswahili ili Mama Idman naye asome. Hata hivyo Kisomali kukiandika sikufundishwa, na shule tuliachana kwa amani nikiwa Kidato cha Pili.

Kwanza kabisa, asante. Upinde ulionitumia ulifika na basi, mzima, ndani ya mfuko wake. Askari anayekagua mizigo pale stendi aliufungua, akaugeuza huku na huku, akaniuliza kama nawinda twiga. Nikamwambia, afande, mimi ni mwanamichezo. Wallahi nilitembea na ule mfuko begani kutoka stendi hadi nyumbani, nikapitia njia ndefu makusudi ili soko lote la mifugo linione.

Unajua klabu yetu ya Mwalimu Kerrow ina pinde kumi tu, na zote zina wenyewe. Mwalimu alisema Jumamosi atachagua wanne wa kwenda Machakos mwisho wa mwezi, na asiye na upinde wake asijisumbue kuja. Kwa hiyo zawadi yako ndiyo iliyonifungulia mlango. Nami mdomo wangu unaujua. Wiki nzima niliwaambia jamaa upinde wangu ukifika wao wataokota mishale tu.

Sasa sikia yaliyotokea. Siku ile ile nilienda kuswali Alasiri, nikaacha mfuko kitandani. Ayeeyo kitu kikitoka mbali hakiachi hivi hivi, lazima kwanza kinukie kama nyumbani. Akachukua makaa, akaweka ndani ya kile chombo anachofukizia vibuyu vya maziwa, akajaribu kuuingiza upinde. Haukutosha. Akauingiza upote, ile kamba yake, peke yake, akafunika, akasoma dua. Niliporudi nilikuta kitu kama chingamu iliyotafunwa. Kumbe ile kamba ni plastiki. Na yeye ameketi pale anatabasamu, anangoja nimshukuru.

Nilimshukuru, Abti. Ningefanya nini? Nilificha lile donge mfukoni.

Nilizunguka Garissa nzima. Kamba ya upinde hakuna. Ya kuagiza Nairobi ni siku kumi, na Jumamosi ilikuwa imebaki siku tano. Jioni nikaenda uwanjani mikono mitupu. Hanad, yule mrefu wa kwa muuza nyama ya ngamia, akaniuliza, "Waryaa Abdimalik, silaha iko wapi?" Singeweza kumtaja Ayeeyo wachekwe wazee wangu. Nikasema upinde wangu ni wa umeme, nimeuacha kwenye chaji.

Hapo nilijitia kitanzi mwenyewe. Siku tatu hawakunipumzisha.

"Unafika mita ngapi?" akauliza Hanad.

"Huo hauhesabiwi mita," akajibu Ifrah, "una mita yake ukutani."

Ifrah ndiye bingwa wetu, ana ulimi mkali kuliko mishale yake. Akasema wao wanavuta upinde, mimi nimevutiwa stima. Mshale wa mtu ukianguka njiani, ni tokeni zimeisha. Mimi nami sikukaa kimya, nilimwambia Hanad asisimame karibu, mtu mrefu na mkavu kama yeye watamfunga waya wakidhani ni nguzo. Hata Mwalimu Kerrow alicheka hadi akakaa chini. Lakini nikirudi nyumbani kicheko kilikuwa kinaishia mlangoni. Nilijua nafasi yangu imekwenda.

Jumatano Ayeeyo alifua suruali yangu akakuta lile donge. Akaniita. "Hii ndiyo ile kamba ya Yahye?" Nilitaka kudanganya, nikashindwa. Aliligeuza donge kiganjani mwake. Halafu akauliza kama kuna ncha iliyosalia. Ilikuwepo, kama urefu wa kidole. Akaifumua uzi mmoja mmoja, akahesabu, akanituma nikalete ule uzi mgumu wa kushonea midomo ya magunia.

Abti, wewe umelala ndani ya nyumba ya kuhamahama iliyofungwa kwa kamba za mikono yake, mimi nimezaliwa mjini, sikuwahi kumwona akifanya. Aliketi mkekani, akausokota uzi juu ya paja, nyuzi hizi kulia, hizi kushoto, akaupaka nta ya nyuki. Upote wa kwanza ulikuwa mrefu mno. Wa pili ulikatika nilipouvuta, ukanichapa mkono, alama bado ninayo. Wa tatu aliumaliza Ijumaa baada ya swala. Nilivuta mpaka shavuni, ukashika.

Jana tulipiga mishale kumi na miwili kila mtu, mita thelathini. Hanad alipouona upote mweupe wa uzi wa magunia aliuliza waya wa umeme uko wapi. Nikamwambia leo natumia jenereta. Ifrah alikuwa wa kwanza, Hanad wa pili. Mimi ni wa nne kati ya kumi na mmoja. Naenda Machakos, Abti. Wa nne anapanda gari lile lile na wa kwanza, usinicheke.

Nilipofika nyumbani Ayeeyo hakuuliza kama nimechaguliwa. Aliuliza, "Umekatika?" Nikasema haukukatika. Ndipo akaniambia, "Yahye asijue nilichofanya." Nikaapa kwamba kwa simu sitasema, na kwa simu sijasema.

Tafadhali usimtajie ule moshi. Ukipiga, muulize tu jinsi upote unavyosokotwa, kama mtu anayetaka kujifunza. Mwache akueleze pole pole, tangu uzi wa kwanza. Zawadi ni yako, na upote ni wa mama yako, na mimi katikati nimefaidi kuwili. Sina cha kuwalipa ila kupiga shabaha vizuri.

Nisalimie Mama Idman, na Idman mwenyewe, na mdogo wake Hassan ambaye sijamwona. Dada yako, Habaryar Nafiso, anawasalimu, na Ayeeyo anawaombea kila swala. Mungu awape riziki ya halali na awarudishe kwetu mkiwa na afya.

Ni mimi mpwa wako mpenda sifa, anayekupenda kweli,

Abdimalik