Kaburi la Neema Halipo Pale

Ilomba, Mbeya, Jumapili. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nimekaa ndani na koti. Kanisani sikwenda. Nilishindwa.

Mimi ni mpima ardhi. Mwaka jana, serikali ilipoanza kupanua mashamba yake ya miti ya mbao kwenye milima ya Iringa, nilipewa kazi ya kupima mipaka na kuchora ramani. Kijiji kilikubali kutoa eneo. Watu walitaka ajira na barabara. Hata mimi niliipenda kazi ile.

Siku ya mwisho, mama mmoja mzee, Bibi Magreth, alinishika mkono akanipeleka kwenye majani marefu. Palikuwa na mawe matatu tu.

"Hapa amelala Neema wangu. Alikuwa na miaka sita. Andika, mwanangu, wasije wakapanda juu yake."

Kifaa changu cha kupimia kilikuwa kimeisha chaji. Mvua inakuja, dereva anapiga honi.

"Nimeshaandika, bibi."

Sikuandika.

Nilijiambia nitarudi kesho yake. Kesho yake nilikuwa nyumbani Mbeya, na wiki iliyofuata ramani ikapelekwa bila kaburi.

Alhamisi hii nimerudi kukagua upandaji. Trekta limeshapita, majani na yale mawe matatu hayapo tena, kilima kizima ni mistari ya miche ya paini. Bibi Magreth alikuwa katikati ya mistari, ameinama, anatafuta. Aliponiona uso ulimchangamka, akanisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu! Hawa wanasema kaburi halimo kwenye ramani. Nikawaambia, msubirini yule dada, yeye aliandika. Haya, nionyeshe."

Msimamizi na vibarua walisimama wakinitazama. Nikatoa kifaa. Nikatembea kama mtu anayefuata kitu, nikasimama popote tu.

"Ni hapa, bibi."

Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye udongo, akaanza kuongea Kihehe, taratibu, kama anayemwamsha mtoto. Sikuelewa maneno, ila jina nililisikia. Msimamizi alivua kofia. Wakang'oa miche ya pale, wakaokota mawe, wakayapanga. Bibi akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.

Akanishukuru!

Tangu siku hiyo namsikia. Nikipika, namsikia. Nikifungua bomba, namsikia. Anaongea na udongo mtupu, na binti yake yuko mahali fulani kwenye mistari ile, mizizi inamfuata chini.

Kesho natakiwa nipeleke ramani iliyorekebishwa. Nikiweka kaburi pale, uongo wangu unakuwa kumbukumbu ya serikali. Nikilitoa, watapanda hapo pia.

Nimemwandikia bosi kwamba sitaipeleka. Napanda basi la asubuhi kwenda Iringa, nikamwambie bibi ukweli, mbele ya wale wale walionitazama.

Hasira zake siziogopi. Naogopa ataniuliza kwa upole tu, "Sasa Neema yuko wapi?"

Nitamjibu nini?