Spika Kwenye Kola ya Mama

Homa Bay,
Jumatatu asubuhi.

Kaka Gichana,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu Robi, na mtoto mumpakate kwa niaba yangu. Natumaini mahindi mliyaanua kabla ya mvua hii ya Kehancha isiyobisha hodi. Sisi huku tu wazima, ila sauti ya Mama haijarudi. Daktari ametuambia tusiendelee kuingoja: mshipa unaoendesha nyuzi za sauti umelegea, na kunong'ona ndiko kuzungumza kwake sasa.

Wewe uliondoka akiwa bado Mama yule wa sokoni. Mnunuzi akishika mkungu wa ndizi na kuurudisha, aliitwa mpaka ng'ambo ya barabara, kwa Kidholuo chenye lafudhi ya Kisii. Siku hizi maji yakichemka tu, mlio wake unaifunika sauti yake. Akinihitaji hugonga kikombe kwa kijiko. Nami nikazoea kumrahisishia: namwuliza chai au uji, kulala au kukaa nje, naye ananionyesha kidole kimoja au viwili. Watu walinisifu kwa subira. Nilijisifu pia, kimoyomoyo.

Ulipofika wakati wa kazi ya mwisho chuoni, nikaamua kujenga kikuza sauti. Transista ina miguu mitatu, kaka: emita, besi na kolekta. Wenzangu wote waliingiza ishara kwenye besi, kama vitabu vinavyopenda. Mimi niliingiza kwenye emita na kutolea kwenye kolekta, besi ikawa ya pande zote mbili. Mwalimu wetu, Bwana Omanga, aliniuliza kama najua kwamba mpangilio huo haukuzi mkondo hata kidogo, unaotoka ni pungufu ya ule ulioingia. Rafiki yangu Lynnet akadakia kwamba Nyaboke amepata transista iliyoajiriwa serikalini, inaingia kazini na kutoka vilevile. Darasa zima likacheka, na mwalimu pia.

Nilijibu kwamba mkondo haukui, lakini volti zinakua, na mlango wa kuingilia ni mwepesi. Sikuwa na maikrofoni. Nilikuwa na spika ndogo niliyoichomoa kwenye redio yetu iliyokufa, na ukiinong'onezea spika kwa karibu, koili yake hutoa umeme mdogo sana. Koili hiyo ina ukinzani wa omu nane tu. Emita, kwa mkondo wa miliampia moja, ina kama ishirini na sita. Zinaelewana. Lakini lililonivutia zaidi ni kwamba wimbi linaloingia hapo hutoka likielekea upande uleule. Mpangilio wa wenzangu huligeuza juu chini.

Mara ya kwanza sikusikia kitu. Nilikagua betri, risista, kila waya, mpaka Lynnet akanisihi nile kwanza. Kosa lilikuwa kwenye besi: nilisahau kuipeleka ardhini kwa kapasita, hivyo kila sauti ilipofika, besi ilitikisika nayo na kuimeza. Kazi ya mguu ule ni kutulia. Nilipoutuliza, kalamu niliyoikwaruza mezani ilisikika kama mtu anapasua kuni. Kwa hesabu nilitarajia volti zikue zaidi ya mara mia moja. Kwenye kipimo nikapata kama sabini, maana saketi inayofuata, ile ya kusukuma spika kubwa, hujichukulia fungu lake. Bwana Omanga alitia sahihi bila kutabasamu, kisha akaomba kuisikia tena.

Jana Baba mdogo Maranga na Shangazi Roselyn walikuja tuamue Mama akae wapi, kwa kuwa kibanda cha ndizi hakiendeshwi kwa kunong'ona. Nilikuwa nimewaambia, kama nilivyokuambia wewe kwa simu, kwamba Mama amechagua kubaki nami. Nikashona spika ndogo kwenye kola ya gauni lake, nikawasha. Kikuza sauti kikapiga mluzi mkali hata Baba mdogo akaziba masikio na kuuliza kama tumemfungia shemeji yake king'ora. Nikasogeza spika kubwa mlangoni. Wote tukamgeukia Mama, tukingoja neno zito.

Mama akasema, "Roselyn, maharagwe yanaungua."

Shangazi alikimbilia jikoni akicheka na kulia kwa pamoja. Aliporudi, Mama akavuta pumzi, akasema la pili, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa: "Nimechoka kuambiwa nimesema nini. Nataka kwenda kwa Gichana."

Kaka, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Nilipokuambia kwamba Mama amechagua, ni kweli nilimwuliza. Nilimwuliza hivi: kwangu au kwa Shangazi? Akaonyesha kidole kimoja. Kehancha sikuitaja. Nilijua ningeitaja angechagua ipi, maana picha ya mtoto wenu analala nayo chini ya mto. Nikakuacha uamini kwamba bado ana kinyongo kwa sababu ulimwoa Robi. Hana. Mimi ndiye niliyeogopa chumba kisicho na mlio wa kikombe. Nilizoea kuwa mtu pekee anayemsikia, na nikapenda.

Anayekukabidhi barua hii ni Mama mwenyewe. Kisanduku cha kikuza sauti kiko kwenye kikapu chake, juu ya ndizi alizokataa kuziacha. Betri ni ya volti tisa, hata Kehancha zinauzwa. Spika kubwa ikae mbali naye, isipige mluzi. Usimwulize chai au uji. Mwulize anataka nini, kisha ngoja. Huwa anavuta pumzi kwanza. Na akisema jambo lolote kunihusu, hata likiwa chungu, usilipunguze ili kunipendeza. Niambie vile lilivyotoka.

Nisalimie Robi sana, na umwambie namwomba radhi. Likizo nitakuja, mkinikubalia. Mungu awalinde nyote, na Sabato ijayo mwimbe naye.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Nyaboke