Sauti Iliyoingia Simu ya Mtu Mwingine

Lusangi, Alhamisi

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa,

Hamjambo hapo Kasongo? Mgongo wa Mama unaendeleaje, na shemeji amepona malaria? Mimi mwili ni mzima, ila nina hofu, yaya, na sina mwingine wa kumwambia.

Kazi yangu unaijua: kompyuta moja, sola moja, benchi moja. Watu wanakuja na simu, nawarushia nyimbo kwa bluetooth. Ulikuwa unanicheka kwamba ni kazi ya kukaa tu. Hata mimi niliiona hivyo mpaka Jumatatu.

Siku hiyo alikuja Mama Zaina, mjane wa mchimbaji dhahabu, pamoja na wakili. Alikuwa amejirekodi kwenye simu, akilia na kutaja majina ya wanaume watatu waliomuua mumewe. Simu yake imepasuka kioo, kwa hiyo niliitoa sauti kwa waya hadi kwenye kompyuta ili nimrushie wakili. Sasa, hapa karibu simu zote zimetoka kwa muuzaji mmoja, na ndani ya kila simu ameweka jina lake, Papa Heri, ili ikirudi na ubovu aitambue. Hakuna anayelibadilisha. Kwa kawaida nawaomba watu wa benchi wazime bluetooth kwanza. Kwa haraka yangu sikuomba. Nikaona Papa Heri, nikadhani ni simu ya wakili, nikabonyeza. Kompyuta ikasema imefika.

"Kwangu hakuna kitu kimefika," wakili akasema.

Nikageuka. Mwanaume mmoja aliyekuwa akingoja nyimbo alikuwa ameikubali, akidhani ni zake. Alikuwa anasikiliza. Akatoa vile vidude masikioni, akasimama, akaenda bila nyimbo hata moja.

Jana amerudi na mwenzake, akitaka kujua Mama Zaina anakaa wapi.

"Patron, ule mama mwenye analia mu simu, anaikalaka wapi?"

"Mi sijue, ndugu."

"Utajua tu."

Sauti nimeifuta kwangu, lakini iliyo ndani ya simu yake siwezi kuifuta. Kosa ni langu peke yangu.

Anayekukabidhi barua hii ndiye Mama Zaina. Nimemwambia ukweli wote. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama bluetooth inaweza kufika mpaka Kasongo. Nikamwambia haifiki.

Mimi ninabaki. Nikifunga kazi siku aliyoondoka, watajua ni nani amemtorosha, na kwa pikipiki watamfuata na kumkuta njiani kabla hajafika hata Wamaza.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu muuza mihogo, na mjomba mwalimu. Mama msalimie sana, lakini usimsomee haya. Mwambie kazi ni nyingi. Mgeni mpe kitanda changu, asilale chini. Msiniwekee tena kitanda.

Mdogo wako anayekupenda,
Saidi